Muziki wa Saa Kumi

Petronila alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage aliposhtuka kwamba ameibiwa. Hakuibiwa kuku wala jembe. Alikuwa akiimba puani, mdomo umefungwa, muziki mmoja usio na maneno ambao humjia kila siku inapokaribia saa kumi jioni. Alianza vizuri. Akapanda vidaraja vyake vinne vya sauti, akafika kule juu, na pale pale muziki ukageuka ukawa wimbo wa matoleo wa kwaya ya Runazi. Akarudi mwanzo. Ukageuka tena. Mara ya tatu akajikuta yuko kwenye ubeti wa pili, anamtolea Bwana mazao ya shamba, na ungo uko mapajani.

Alisimama ghafla, maharage yakamwagika uani, kuku wakashukuru.

Isidhaniwe kwamba Petronila ana ugomvi na nyimbo za kanisa. Anazijua karibu zote, na sauti ya pili huwa anaishika vizuri kuliko wanaolipwa sifa kwa kuishika. Lakini muziki ule wa saa kumi ndio kitu pekee cha marehemu mumewe ambacho hakikugawanywa. Desderius alipofariki, miaka miwili iliyopita, ndugu zake walikuja kuondoa tanga kama desturi inavyotaka. Baiskeli akapewa mdogo wake, koti likaenda kwa mjomba, panga na shoka vikapata wenyewe. Mwili wenyewe ulikuwa umeshapelekwa Kanazi, wilaya ya Ngara, ukalazwa karibu na baba yake, maana mtu kwao. Kutoka Runazi kwenda kumwekea maua ni safari ya siku nzima. Hakuna aliyeomba apewe muziki. Ukabaki kwa Petronila, na sasa huo nao ulikuwa unamponyoka.

Nyumba ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja. Watoto wawili wako Mwanza, wana kazi zao. Majirani ni watu wema, Wasubi na Wasukuma na wengine, wanaongea naye Kiswahili kama yeye anavyoongea nao, cha dukani na cha mikutanoni. Kihangaza cha kwao hakikuwa na wa kuongea naye tena, isipokuwa kuku. Ndiyo, kuku. Aliwafukuza kwa Kihangaza, akawatukana kwa Kihangaza, na jioni akawasimulia kidogo habari za siku. Ukimwona hivyo usicheke. Ulimi nao unataka kutembezwa.

Sasa muziki wenyewe. Ulianzia Kanazi, miaka ile ya tisini ambapo Ngara ilijaa wakimbizi, malori na wageni wa mashirika. Mgeni mmoja, fundi wa visima, alipomaliza mkataba wake alikiachia kigango cha kanisa televisheni, mashine ya video, jenereta dogo lenye kikohozi, na boksi la kanda kumi na moja za filamu moja ndefu ya mfululizo. Ilikuwa ya zamani hata wakati ule. Ilihusu watu waliovaa nguo za kubana, waliopoteza kwao, wakawa wanazunguka angani ndani ya chombo kutoka nyota hadi nyota wakitafuta pa kukaa. Jina lake lilikuwa la lugha ambayo hata katekista hakuiweza. Watu wakaiita Watu wa Nyota, yakaisha. Wakimbizi waliokuja kuitazama walisema hawa nao ni wenzetu, tofauti ni usafiri tu.

Desderius, kijana wa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyekabidhiwa mitambo, kwa sababu aliwahi kufungua redio akaifunga tena na ikabaki inaongea. Mafuta ya jenereta yalikuwa machache, haikuwezekana kuliwasha mapema ili watu wasikie na kuja. Akatumia akili. Alinasa muziki wa kufungulia filamu kwenye redio kaseti yake, kwa kuisogeza karibu na televisheni na kuamuru ukumbi wote wa kigango usikohoe. Tangu hapo, kila Jumapili saa kumi, aliiunganisha redio ile na spika ya honi iliyofungwa kwenye nguzo ya kengele, na muziki ukamwagika bonde zima.

Haukuwa na ngoma wala gitaa wala kinanda. Ulikuwa wa umeme mtupu. Kwanza mvumo wa chini, kama upepo unaopita kwenye mdomo wa chupa. Halafu vidaraja vinne, kimoja kimoja, bila haraka. Halafu sauti nzito inayotetemeka, kama mtu mzima anayeimba bila mdomo, na huku anawaza jambo. Inapanda, inapanda, inafika juu. Ukinyamaza, palikuwa na kimya cha kama pumzi tatu, kisha jenereta likaanza kuunguruma.

Petronila hakuingia ukumbini hata mara moja. Baba yake alisema binti yake hatakaa gizani na watu wa nyota wala watu wa dunia. Kwa hiyo alikuwa mtazamaji wa ng'ambo ya bonde, yeye na mbuzi sita. Muziki ukianza alisimama. Jenereta likiunguruma alijua Desderius yuko kazini, na mbuzi wakarudishwa nyumbani. Kesho yake walipokutana kisimani, Desderius alimsimulia filamu yote. Baada ya miezi michache alikuwa anasimulia hata mambo ambayo hayakuwemo, na Petronila alijua, na hakumkatiza. Mwaka uliofuata posa ikapelekwa.

Ardhi ya Kanazi ilikuwa finyu na ndugu walikuwa wengi. Wakahamia Runazi, wilaya ya Biharamulo, wakapata shamba la mahindi na mihogo na kijiduka cha chumvi na sabuni. Kanda ile ya muziki ikatafunwa na redio mwaka huo huo wa kwanza. Haikuwa tatizo, maana Desderius alikuwa na mluzi. Akitoka shamba jioni alianza kuupiga muziki ule tangu kwenye mfereji, akipita mgombani yuko kwenye vidaraja, akifika uani yuko juu kabisa, na hapo anakatiza kwa sauti: "Mama Consola, maji ya kunawa!"

Waligombana, kama watu wote. Ugomvi wao mkubwa, wa miaka zaidi ya ishirini, ulihusu betri. Desderius hakukubali kwamba betri hufa. Kwake yeye betri ilikuwa inaumwa. Ikilegea aliing'ata kidogo ubavuni, ikilegea tena akaianika juani, na jua zuri kuliko lote la uani lilikuwa kwenye mkeka wa makopa ya Petronila, ile mihogo iliyomenywa na kuanikwa kwa ajili ya unga. Anageuza mgongo, anakuta betri nne zimelala katikati ya chakula.

"Mkeka wangu si hospitali ya betri!"

"Ziache mpaka saa nane, zinapata nafuu."

Alizitupa kwenye majani, mumewe akaziokota, akazirudisha. Hivyo hivyo, mwaka hadi mwaka.

Siku ile ya maharage Petronila alimpigia simu binti yake mkubwa, Consolatha, Mwanza.

"Mama, muziki gani tena? Niimbie niusikie."

Petronila akaimba. Consolatha akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Mama, si ndio ule wa matoleo?"

Petronila akasema mtandao unakatika, akakata yeye. Halafu akalia, na si kidogo. Aliogopa kama mtu anayezama kwenye maji ya magoti, ambaye hata kupiga kelele anaona haya. Angemweleza nani? Kwamba muziki wa filamu ambayo hajawahi kuiona unamtoka kichwani, kwamba kila akiufuata unafika kule juu unaishia hewani, na kwamba ukiisha wote yeye atakuwa mjane mara ya pili?

Kwenye kopo la waya la Desderius kulikuwa na kikaratasi kilichobanduka kwenye kanda ya kwanza ya filamu ile, kimeandikwa jina lake la kigeni. Akakifunga kwenye pindo la kitenge. Mwezi ule ule kulikuwa na misa ya kumbukumbu ya miaka miwili Kanazi. Akaenda.

Baada ya misa alimuuliza shemeji yake Gervasi, mdogo wa marehemu, yule mwenye baiskeli.

"Shemeji, unaukumbuka muziki wa Watu wa Nyota?"

Gervasi alifikiri kwa bidii. Alikumbuka filamu, alikumbuka jenereta, alikumbuka siku chombo kilipoungua na bibi mmoja akatoka mbio ukumbini. "Muziki ulikuwepo," akasema mwishoni, kama mtu anayekubali deni la baba yake. "Lakini shemeji, nenda Kabanga. Pale mpakani kuna mama mmoja, Iradukunda, anaingiza nyimbo kwenye simu. Hakuna wimbo anaoukosa."

Kabanga siku ya soko ni kelele tupu: wabadilisha fedha wanaita, mabasi yanaita, na watu wa pande mbili wanapita na ndoo na mabunda. Duka la Iradukunda lilikuwa kwenye baraza moja na meza ya mzee Habonimana, fundi redio. Iradukunda alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mnene, mchangamfu, amezungukwa na nyaya za kuchajia. Akamsalimu kwa Kirundi, Petronila akajibu kwa Kihangaza, wakaelewana kama majirani wanaoazimana chumvi. Kikaratasi kikatolewa kwenye pindo. Iradukunda akaandika herufi moja moja kwenye simu yake, akangoja, akatabasamu.

"Huu hapa, mama. Ulikuwa umepotea wapi?"

Muziki ukatoka.

Ulitoka mbio mbio, mwembamba, unarukaruka kama mwanambuzi aliyefunguliwa asubuhi. Vidaraja vinne vilikuwepo, lakini ulivikimbia kama unafukuzwa. Ile sauti nzito ya mtu mzima anayewaza ilikuwa ya kitoto, inachekacheka. Na ulipofika juu haukunyamaza. Uliendelea, ukazunguka, ukaleta mengine na mengine ambayo Petronila hakuyatambua hata moja.

"Siyo huu," akasema.

"Ndio wenyewe, mama. Jina ni hili. Na filamu yenyewe hii, tazama."

Akatazama. Kwa mara ya kwanza maishani, akiwa na miaka hamsini na miwili, Petronila aliwaona Watu wa Nyota. Chombo cha rangi ya sufuria mpya kilikuwa kinapita angani, na uzi kilichoning'inizwa nao ulionekana wazi. Hakujali uzi. Alikaa kwenye benchi la wateja akaweka mikono magotini.

"Kama huo ndio wenyewe," akasema, "mimi nimebeba nini miaka yote hii?"

Iradukunda alikuwa mwepesi wa kuuza, lakini hakuwa na roho mbaya. Akabonyeza kitu kwenye simu, muziki ukaenda taratibu zaidi. Taratibu, ndiyo, lakini sauti ilibaki kule kule juu, kama mtoto aliyeambiwa aongee polepole. Petronila akatikisa kichwa, machozi yakamshuka mbele za watu, na hakuyafuta. Umri wake na ujane wake vilimpa ruhusa hiyo. Kilichomuuma ni kwamba sehemu ile ya baada ya kupanda, ambayo kila siku alikuwa akiitafuta, sasa alikuwa ameisikia yote, na ilikuwa ngeni kwake kama mtu wa barabarani. Basi kichwa kilikuwa kimeshakwisha. Alikuwa amechelewa.

Mzee Habonimana alikuwa ameacha kuchomea nyaya kwa risasi muda mrefu. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na jicho moja alilolizoesha kufumba kwa ajili ya kutazama waya.

"Shikamoo, mzee," Petronila akasema, maana aliona anatazamwa.

"Marahaba. Huo muziki unaoutaka, ulikuwa unausikilizia wapi?"

"Kanazi, mzee. Ng'ambo ya bonde. Kwenye spika ya honi."

"Spika inapata muziki wapi?"

"Kwenye redio kaseti ya mume wangu. Alikuwa hajawa mume wangu."

"Redio inatumia nini?"

"Betri."

"Betri za namna gani?"

Petronila akafungua mdomo ajibu, akabaki ameufungua. Aliuona mkeka wa makopa. Akaziona nne, zimepangwa kwa mstari, zimeota jua.

"Za kuanika," akasema.

Habonimana akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Za kuanika! Basi mwenye duka hajakudanganya, na kichwa chako hakijakudanganya. Betri ikichoka, mota inazunguka kivivu. Kanda inatembea polepole, na sauti inashuka, inakuwa nzito. Aliyeutunga muziki aliutunga hivi ulivyousikia hapa. Ila ninyi wa bonde lile mlipata wa kwenu. Kwenye simu haumo. Hauko popote duniani."

Alisema maneno ya mwisho kwa furaha ya fundi aliyepata ugonjwa wa mashine. Alipomwona uso akajuta.

"Redio yenyewe bado unayo?"

"Iko Runazi. Chini ya kitanda."

"Ungekuja nayo ningelegeza skrubu ya mota. Lakini ningelegeza kiasi gani? Sikio ni la kwako." Akavuta droo, akatoa kanda tupu ya zamani, akaunganisha waya kutoka kwenye simu ya Iradukunda. "Nitakunasia huu wa mbio. Nenda nao, weka betri mpya, halafu subiri zichoke. Zikiwa zinashuka, lazima zitapita pale zilipokuwa betri za mumeo. Ila zikishapita hazirudi. Usizubae."

Hakutaka malipo. Iradukunda naye, baada ya kutazamwa na mzee, akasema hataki.

Runazi, Petronila aliitoa redio kwenye gunia, akaifuta vumbi, akaweka betri nne mpya. Muziki ukatoka mbio na mwembamba, kama wa dukani. Hilo alilitegemea. Asilolitegemea ni kwamba siku ya nne, akiwa shambani, alijikuta anauimba puani, na alikuwa anauimba ule wa mbio. Akaacha jembe. Akaelewa hatari aliyojiingizia: kila akiusikiliza huu mgeni, ulikuwa unamfukuza mwenyeji kitandani.

Tangu siku hiyo akabadilisha mbinu. Redio iliwashwa asubuhi na kuachwa inaongea yenyewe mpaka jioni, ili betri zichoke kwa kazi nyingine. Iliongea bei za mazao, ikaongea mpira, ikaongea Kirundi na Kinyarwanda usiku ulipokaribia. Jirani yake Eustakia akapita, akachungulia.

"Mama Consola, siku hizi unasikiliza hata hotuba za mbolea?"

"Nachosha betri."

"Unachosha betri?"

"Ndiyo."

Eustakia akaenda zake, na kuanzia jioni ile akawa anakuja kila siku mara mbili, analeta mboga au anaazima kiberiti, ili kumtazama kama yuko sawa. Petronila aliliona, akashukuru, lakini hakumweleza. Kuna upweke ambao mtu akija kukaa nawe ndio unaongezeka, maana unabaki unamtazama mgeni na moyo uko mlangoni unamngoja mwingine.

Kila siku saa kumi alizima matangazo, akaweka kanda, akaonja. Vidaraja viwili tu, kisha akazima, akairudisha kanda mwanzo kwa kuizungusha na kalamu ili betri zisiende bure na sikio lisizoee. Siku ya tisa, bado. Siku ya kumi na mbili, mvumo wa mwanzo ulikuwa umeanza kuwa na kifua. Siku ya kumi na tano Eustakia akakaa mpaka saa kumi na moja anasimulia habari za harusi, na Petronila akakaa kwenye kigoda anaitikia, akiwaza kwamba huenda leo ndiyo siku na inapita hivi hivi kwa ajili ya harusi ya watu. Mgeni alipoondoka, Petronila akaonja upesi. Bado kidogo. Alimshukuru Mungu kwa sauti.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Jumatano, siku ya kawaida tu. Alikuwa ameanika makopa tangu asubuhi, kuku wawili wakiyazengea. Saa kumi akaleta redio nje, akaiweka kwenye kigoda, akabonyeza.

Ukaja mvumo, upepo kwenye mdomo wa chupa. Kikaja kidaraja cha kwanza, na kabla ya cha pili Petronila alikuwa amekwisha simama, kama alivyosimama na mbuzi zake. Cha pili. Cha tatu, bila haraka. Cha nne. Halafu ile sauti, nzito, inayotetemeka, ya mtu mzima anayewaza. Ilikuwa yenyewe. Haikuwa karibu na yenyewe, ilikuwa yenyewe hasa. Aliweka mkono kifuani. Harufu ya majani ya bonde la Kanazi ilimjia puani, na kamba ya mbuzi ikamkata kiganja. Sauti ikapanda. Ikapanda. Ikafika kule juu, pale pale ambapo kila siku ilikuwa inamponyoka.

Na mkono wake, bila yeye kuuagiza, ukanyooka ukazima redio. Tak.

Kimya.

Alibaki ameinama, kidole kiko kwenye kitufe, anashangaa amefanya nini. Halafu akajua. Tak ile aliijua. Aliisikia kila Jumapili kwenye spika ya honi kwa mwaka mzima, ndogo, mwishoni kabisa. Desderius alikuwa anazima pale. Alimwambia mwenyewe kisimani, naye akacheka, kisha akasahau: nikifika kule juu nazima, betri zisije zikaniaibisha, nakimbilia jenereta. Hakukuwa na sehemu nyingine. Haikuwahi kuwepo. Hata mluzi wake uliishia hapo hapo, kwa sababu alikuwa amefika uani. Petronila hakuwa amesahau kitu. Wiki zote hizi alikuwa akijilaumu kwa kupoteza kitu ambacho hakikuwa cha kwao, cha watu wa mbio, na chake alikuwa nacho chote. Mwisho wa muziki ule haukuwa muziki. Alikuwa ni mtu anayekuja.

Basi akasimama pale uani akangoja, kama alivyozoea. Pumzi ya kwanza. Pumzi ya pili. Ya tatu. Alijua jenereta haliungurumi. Alijua hakuna atakayeita maji ya kunawa. Alingoja hivyo hivyo mpaka jua likasogea kwenye ukingo wa mkeka, na alilia akiwa amesimama wima, na kilio hicho kilikuwa na mtu wa kuliliwa, hakikuwa kama vile vya kwanza vya kupapasa gizani.

Kesho yake muziki ungekuwa umeshuka zaidi. Alilijua hilo pia, mzee wa Kabanga alimwambia. Keshokutwa ungeburuta sauti kama mlevi, kisha redio ingenyamaza.

Petronila akageuza redio, akafungua mgongo wake, akazitoa betri. Ya kwanza akaing'ata kidogo ubavuni, akasikia ladha ya chuma, akakunja uso. Akaenda kwenye mkeka, akapiga magoti, akatenga nafasi katikati ya makopa, pale jua lilipokuwa bado lina nguvu. Akazilaza zote nne kwa mstari.

"Haya, anika," akamwambia mumewe kwa Kihangaza. "Makopa yatasogea."